Moshi wa mioto ya nyika: kuufuatilia kwa setilaiti ukiwa Unguja au Pemba

Kila mwaka, masika yakishakwisha na nyasi za bara zikianza kukauka, ramani zenye nukta nyekundu za mioto huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Katavi imejaa nukta, Tabora imejaa nukta, Ruvuma haionekani kwa nukta, na chini yake mtu ameandika kwamba hiyo ndiyo sababu ya utusitusi ulioko leo juu ya bahari ya Malindi, hapa mjini Unguja. Mara nyingi si kweli. Jambo hilo linaweza kuhakikiwa kwa nusu saa, kwa simu na bando la kawaida, na inafaa lihakikiwe: mwenye pumu, nahodha anayetaka kuvuka na mwandishi anayetaka kutangaza wote wanahitaji kujua moshi ni upi na umetoka wapi. Haya yafuatayo ni kwa anayetaka kuifanya kazi hiyo sawasawa.

Upepo kwanza

Wengi huanza na moto. Sisi watu wa visiwani tunatakiwa kuanza na upepo, kwa sababu moto mkubwa kabisa ulio upande usio wa upepo hautuhusu, na mioto midogo iliyo upande wa upepo inatuhusu sana.

Wakati wa kusi, upepo wa chini unatuingilia kutoka kusini na kusini mashariki. Moshi wa Katavi, Rukwa na Tabora unasukumwa kwenda magharibi, kuelekea Ziwa Tanganyika na Kongo. Kutoka Mpanda hadi Unguja ni karibu kilomita 900, na moshi ungelazimika kuzikata zote kwa kupingana na upepo. Kwa hiyo ukiiona ile ramani mwezi wa Julai, funika kwa mkono magharibi yote ya Tanzania, halafu tazama kilichobaki: Lindi, Mtwara, na ng'ambo ya Mto Ruvuma mikoa ya Cabo Delgado na Nampula nchini Msumbiji. Vuka bahari pia, uangalie Ngazija na visiwa vyake pamoja na kaskazini ya Madagaska. Huko ndiko hewa yetu inakotoka.

Piga hesabu ya muda. Kutoka Mtwara hadi mjini Unguja ni karibu kilomita 470. Kusi la mita 8 kwa sekunde ni karibu kilomita 29 kwa saa, kwa hiyo safari ni saa 16. Nyasi zilizowashwa Mtwara saa nane mchana, moshi wake ukibaki chini na upepo usigeuke, unaweza kufika kwetu kesho yake alfajiri. Hesabu hii ndogo inaokoa muda mwingi, maana inakwambia picha ya siku ipi ya kufungua. Utusi wa leo asubuhi unatafutiwa chanzo kwenye picha ya jana.

Msimu nao una mwendo wake. Uchomaji wa kusini mwa ikweta huanza mapema upande wa Angola na Kongo, mwezi wa Mei na Juni, kisha unasogea mashariki. Agosti hadi Oktoba Zambia, kusini mwa Tanzania na Msumbiji ndizo zinazowaka, na Madagaska huendelea hadi Novemba. Mioto ya mwanzo wa msimu, ile ambayo wasimamizi wa hifadhi huiwasha makusudi nyasi zikiwa bado na maji kidogo, huwa ya chini na hupoa haraka. Ya Septemba na Oktoba hukuta majani makavu kabisa na miti inayopukutika, na moshi wake ni mzito zaidi.

Sehemu kubwa ya moshi huo haiji kwetu. Watafiti wa mradi wa SAFARI 2000 waliuona mwezi wa Septemba 2000 ukiteremka kama mto mpana kupita Afrika Kusini na kusini mwa Msumbiji, kisha ukamwagikia Bahari ya Hindi mbali kabisa na sisi. Kinachotufikia ni kile kilichowaka karibu na pwani, au kilichopanda juu na kukutana na upepo wa upande mwingine.

Wakati wa hatari zaidi kwetu ni maleleji, baina ya kusi na kaskazi, mwezi wa Oktoba na Novemba. Kusi limechoka, kaskazi halijashika, mioto bado ipo. Mchana upepo unatoka baharini, usiku unatoka bara. Unguja na bara zimetenganishwa na bahari ya kilomita 35 hivi. Upepo wa usiku wa kilomita 8 kwa saa unaivuka kwa saa nne au tano. Moshi wa Bagamoyo au Saadani unaoingia kwa njia hiyo hauonekani kwenye picha ya mchana, kwa sababu picha inapopigwa upepo umeshageuka na kuurudisha. Hapo ndipo mtu anapokataa kwamba kulikuwa na moshi, ilhali watu wameunusa.

Setilaiti na saa zake

Za kutegemea ni zile zenye VIIRS, kifaa cha kupiga picha na kugundua joto la moto: Suomi NPP iliyorushwa mwaka 2011, NOAA-20 ya 2017 na NOAA-21 ya 2022. Zote hupita juu yetu mchana kati ya saa saba na saa tisa, na tena usiku wa manane saa hizo hizo. Upana wa picha moja ni zaidi ya kilomita 3,000, kwa hiyo haziachi pengo hata hapa karibu na ikweta. Kifaa cha MODIS kimo kwenye Terra ya mwaka 1999 na Aqua ya 2002. Upana wake ni kilomita 2,330, na kwenye latitudo zetu huacha vipande vyeusi baina ya njia na njia. Ndiyo maana siku nyingine Pemba imekatwa nusu au haipo kabisa. Setilaiti hizi mbili zimezeeka na saa zao za kupita zimehama, Terra ikiwahi na Aqua ikichelewa. Faida ya Terra ilikuwa ni kupita asubuhi, kabla mawingu ya mchana hayajajenga juu ya bara. Kwa picha za miaka iliyopita bado haina mbadala.

Hizo zote hukupa picha moja au mbili kwa mchana. Kwa mwendo, tumia Meteosat ya Bahari ya Hindi, iliyotulia juu ya longitudo 45.5 mashariki na kupiga picha kila dakika 15. Sisi tuko kwenye 39, kwa hiyo inatutazama karibu utosini. Picha zake zinapatikana bure kwenye tovuti ya EUMETView. Pikseli yake, yaani kipande kidogo kabisa cha picha, ni ya kilomita 3, hivyo moshi mwembamba unapotea, lakini ukizipanga picha za siku nzima unaona wazi utando unaelekea wapi. Saa nzuri ni mara baada ya jua kuchomoza na kabla halijatua: mwanga wa ubavuni unaufanya moshi ung'are, wakati saa sita mchana moshi ule ule hauonekani.

Jambo la tarehe linawachanganya wengi. Data zote zimeandikwa kwa UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Moto ulioonwa saa nane kasorobo usiku wa kuamkia Jumatano umeandikwa Jumanne, saa 22:45. Ukichuja nukta za "Jumatano" peke yake unaupoteza usiku mzima uliotangulia, na mara nyingi huo ndio uliokuwa na moto wako.

Kuisoma picha

Fungua tovuti ya Worldview ya NASA. Weka tabaka la "Corrected Reflectance" la NOAA-20, hilo ni picha ya rangi asilia, yaani jinsi macho yangeona. Juu yake weka tabaka la mioto la VIIRS, na tabaka la AOD, kipimo cha wingi wa chembe zilizo hewani, liwe tayari lakini umelizima. Sogeza ramani hadi uone kuanzia Mombasa hadi Nampula. Ukikaza macho kwenye Unguja peke yake huwezi kuona chochote, kwa sababu moshi unaotufikia huwa mwembamba na umbo lake linaonekana kwa mbali tu.

Moshi mpya una mkia: ncha moja imeshika kwenye nukta ya moto, upande wa pili unapanuka na kufifia kwa kufuata upepo. Rangi yake ni kijivu chenye ubluu au ukahawia, kingo zake ni laini, na haudondoshi kivuli kinachoonekana. Wingu ni jeupe, lina mabonge, na pembeni yake kuna kivuli. Moshi wa kale, wa siku mbili au tatu, hauna mkia tena. Ni utando tu unaofanya bahari ionekane imepauka, na hapo ndipo macho hudanganywa.

Dawa yake ni kubadili rangi. Zima picha ya rangi asilia, washa ile ya rangi bandia iitwayo M11-I2-I1. Mkondo wa M11, yaani sehemu ya mwanga inayopimwa, ni wa infraredi ya mawimbi mafupi, ambayo bado ni marefu kuliko ya mwanga tunaouona, na chembe za moshi ni ndogo mno kuyazuia, kwa hiyo moshi karibu unatoweka na ardhi iliyo chini yake inajitokeza. Wingu halitoweki. Vumbi halitoweki sana, kwa sababu chembe zake ni kubwa. Kama utando ulioko kwenye rangi asilia umeyeyuka kwenye rangi bandia, umepata dalili nzuri ya moshi. Kama umebaki, tafuta maelezo mengine. Kwenye picha hiyo hiyo utaona makovu ya ardhi iliyoungua, mekundu yenye ukahawia, hata kama moto wenyewe ulizimika kabla setilaiti haijapita. Ukiwa na Terra au Aqua, mchanganyiko wa kufanana ni 7-2-1.

Mambo matatu ya bahari yetu hufanana na moshi, na kila mwaka yanapotosha watu.

La kwanza ni tope la mito. Mwezi wa Aprili na Mei, Rufiji, Ruvu na Wami hutoa maji ya kahawia yanayotambaa kandokando ya pwani, na ya Rufiji hufika karibu na Mafia. Kwenye picha ndogo ya simu utaapa ni moshi unaotoka bara. Tazama ufukwe kwa karibu: tope linakoma palepale nchi kavu inapoanzia, linaizunguka miamba, na lina mistari iliyokatika kwa ukali pale maji ya aina mbili yanapokutana. Moshi haujali ufukwe, unapita juu ya maji na juu ya ardhi bila kubadilika. Halafu linganisha na picha ya jana na ya juzi. Tope litakuwa karibu pale pale, ila moshi hauwezi kukaa mahali pamoja siku tatu kusi likivuma.

La pili ni mng'ao wa jua juu ya maji, ule mkanda wa fedha unaopita katikati ya bahari kwenye picha. Jua hupita utosini kwetu mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, kwa hiyo mng'ao ni mkali zaidi hasa katika mwezi ambao moshi tunautafuta. Ndani ya mkanda huo usiamue kitu. Fungua picha ya Suomi NPP au NOAA-21; hazipiti kwa njia ile ile wala dakika ile ile, na mng'ao utakuwa umehamia mahali pengine. Mng'ao huu pia huzaa nukta za moto za uongo, ndiyo sababu nukta za VIIRS zenye daraja la chini la uhakika mchana ni za kutiliwa shaka.

La tatu ni maji madogo. Mafungu ya mchanga mweupe na matumbawe karibu na Chumbe, Bawe na Changuu, na maji ya Menai na Chwaka, yanaakisi mwanga kutoka chini. Kompyuta inayokokotoa AOD inadhani mwanga huo umetoka kwenye chembe za hewani, na inatoa namba kubwa isiyo ya kweli, au inashindwa na kuacha tupu. Soma AOD kwenye kina, mashariki ya Unguja au kusini kuelekea Mafia, usiisome palipo na fungu.

Namba yenyewe inasomwa hivi: 0.1 ni hewa safi ya baharini, 0.3 au 0.4 ni utusi ambao jicho linauona, 1 na kuendelea ni moshi mzito. Kumbuka kwamba inahesabu chembe zote kuanzia chini mpaka juu. AOD ya 0.5 inaweza kuwa moshi ulio mita 3,000 juu, na watu wa Makunduchi wakavuta hewa safi kabisa.

Nukta za moto

FIRMS, tovuti ya NASA ya mioto, hutoa nukta ndani ya saa tatu hivi baada ya setilaiti kupita. Pikseli ya VIIRS ni mita 375 na ya MODIS ni kilomita 1. Nukta inawekwa katikati ya pikseli, kwa hiyo usimwambie sheha kwamba moto uko kwa fulani. Uko ndani ya eneo hilo, na unaweza kuwa mdogo sana kuliko pikseli yenyewe. Bofya nukta uone FRP, nguvu ya moto kwa megawati. Kwa kazi ya moshi, nukta chache zenye FRP kubwa zina maana zaidi kuliko mamia yenye FRP ya 2 au 3.

Kukosekana kwa nukta si ushahidi wa kukosekana kwa moto. Penye wingu haioni. Moto uliowashwa saa kumi jioni na kuzimika saa mbili usiku umepita katikati ya mizunguko miwili. Kinyume chake, nukta inayorudi mahali pale pale mwaka mzima, kiangazi na masika, ni tanuri la kiwanda au kitu cha namna hiyo. Kwenye data za kumbukumbu unazoweza kupakua kuna safu ya "type": 0 ni majani na misitu, 1 ni volkano, 2 ni chanzo kisichohama cha nchi kavu, 3 ni cha baharini. Futa zisizo 0 kabla hujahesabu.

Moshi uko juu au chini?

Hili ndilo swali gumu, na ndilo linaloachwa na wengi. Picha inatazama kutoka juu na haina kina.

Msaada wa kwanza unatoka kwa TROPOMI, kifaa kilicho kwenye Sentinel-5P ya Ulaya, kinachofanya kazi tangu 2017. Kinatoa kipimo cha chembe zinazofyonza miale ya urujuanimno. Kipimo hicho hakioni vizuri moshi ulio chini ya kilomita moja au mbili, lakini ulio juu kinauona hata ukiwa umelala juu ya mawingu. Kwa hiyo AOD ikiwa kubwa na kipimo hiki kikiwa kikubwa pia, moshi uko juu. AOD ikiwa kubwa na hiki kikiwa karibu na sifuri, utando uko chini, au ni chumvi ya bahari tu. Kifaa hicho hicho hupima gesi. Kaboni monoksaidi hudumu hewani kwa wiki kadhaa, hivyo inafuata moshi hadi mbali na inautenganisha na vumbi, maana vumbi halina gesi hiyo. Naitrojeni dayoksaidi hufa ndani ya saa chache. Ukiiona, moto uko karibu na ni wa leo.

Msaada wa pili ni kurudisha hewa nyuma kwa HYSPLIT, programu ya maabara ya hewa ya NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na hewa, inayotumika bure kupitia tovuti ya READY. Chagua mahali pamoja pa kuanzia, kisha data za upepo za GFS, modeli ya Marekani ya utabiri wa hewa, za robo digrii. Andika latitudo 6.16 na longitudo 39.20, na hakikisha umechagua S na E. Ukiacha W utajikuta kaskazini mashariki ya Brazili na mstari utatoka vizuri tu bila kukuonya. Kwa Pemba andika 5.25 na 39.77, ambayo ni karibu na Chake Chake. Chagua kurudi nyuma, saa 72, na vimo vitatu: mita 100, 500 na 1,500 juu ya ardhi. Saa ya kuanzia iandike kwa UTC: utusi wa saa moja asubuhi ni 04.

Utapata mistari mitatu ya rangi, na chini yake mchoro wa kimo. Wengi hutazama ramani na kuuacha mchoro, wakati jibu liko kwenye mchoro. Mstari unaopita juu ya Cabo Delgado ukiwa mita 300 kutoka ardhini umepita ndani ya moshi. Unaopita hapo hapo ukiwa mita 3,500 huenda umepita juu ya moshi wote bila kugusana nao. Kwenye kusi lililoshika, mistari ya mita 100 na 500 kwa kawaida inatoka baharini kusini mashariki, na hiyo tu inatosha kuifunga mashtaka yote dhidi ya Tabora.

Usiuamini mstari kama barabara. Kosa la asilimia 15 hadi 30 ya umbali uliosafiriwa ni la kawaida. Baada ya saa 72 kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, hewa imesafiri kilomita 1,800, na asilimia 20 yake ni kilomita 360, umbali wa kumeza mkoa mzima. Kuna chaguo la kuendesha mistari 27 kwa pamoja, kila mmoja ukiwa umesogezwa kidogo. Ikiwa yote inakwenda upande mmoja, una haki ya kusema neno. Ikitawanyika kama inavyofanya wakati wa maleleji, sema hujui chanzo, na hilo nalo ni jibu la kitaalamu.

Utabiri wa CAMS, huduma ya Ulaya ya kufuatilia hewa, ule unaouona kwenye tovuti ya Windy ukichagua PM2.5 (chembe ndogo sana za hewani) au kaboni monoksaidi, unafaa kwa picha ya jumla ya siku tano zijazo. Ila mraba wake mmoja ni kilomita 40 hivi. Unguja nzima ina urefu wa kilomita 85, kwa hiyo imeingia kwenye miraba miwili mitatu, na Pemba ni finyu zaidi. Haiwezi kukwambia tofauti ya Nungwi na Kizimkazi, na moto uliofichwa na wingu haumo ndani yake. Mimi huitumia kama onyo la kufungua picha, kamwe si kama ushahidi.

Hakikisha chini

Ripoti ya hali ya hewa ya kiwanja cha ndege inapatikana kwa kila mtu. Alama ya kiwanja cha Abeid Amani Karume ni HTZA. Mfano wa kusoma: "HTZA 140400Z 19008KT 6000 FU FEW020 25/20 Q1016". Ni tarehe 14, saa moja asubuhi kwetu. Upepo unatoka nyuzi 190, yaani kusini, kwa noti 8. Macho yanafika mita 6,000. FU ni moshi. Joto ni 25 na kiwango cha umande ni 20. Ungeona HZ, hiyo ni utusi mkavu ambao mwangalizi hakuutaja kuwa moshi. Ungeona BR na namba mbili za mwisho zimekaribiana, tuseme 23/23, huo ni ukungu wa maji, na saa nne utakuwa umekwisha. Namba 9999 ni kilomita 10 au zaidi. Mwangalizi aliye kiwanjani anaona kile ambacho setilaiti haioni, hasa alfajiri.

Ukiwa na kipimo kidogo cha PM2.5 cha bei nafuu, kiweke mbali na jiko na barabara, na kumbuka kwamba kinapima kwa mwanga. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na chembe za chumvi zikinywa maji huvimba na kusomeka kama uchafu. Usomaji wa saa kumi na moja alfajiri unyevu ukizidi asilimia 85 usiulinganishe na wa saa tisa mchana. Linganisha alfajiri na alfajiri. Shirika la Afya Duniani limeweka wastani wa saa 24 usiozidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo.

Moshi wetu wenyewe

Kabla hujaishtaki Msumbiji, tazama jirani. Kuchoma taka majumbani, majaa, matanuri ya chokaa, na kukata na kuchoma vichaka vya maweni upande wa kusini na mashariki ya Unguja, yote haya hutoa moshi ambao usiku usio na upepo unalala chini mpaka jua lipande. Dalili yake ni kwamba harufu ni kali, unaonekana mtaa mmoja na mtaa wa pili haupo, na saa nne asubuhi umekwisha. Moshi uliosafiri kilomita 400 hauna tabia hiyo. Unafunika kisiwa kizima, harufu yake ni hafifu, na jua likichwa linakuwa jekundu kwenye upeo.

VIIRS mara nyingi haitaviona vimoto hivyo. Tumia setilaiti ya Sentinel-2 kwenye tovuti ya Copernicus Browser, yenye picha za mita 10 zinazorudi kila siku tano hivi. Chagua mikondo ya 12, 8A na 4, ambayo miwili ya kwanza ni ya mita 20, na tafuta kovu. Shamba la robo hekta ni pikseli sita tu, kwa hiyo kuza picha na linganisha ya kabla na ya baada. Kovu moja peke yake linaweza kuwa kivuli cha wingu. Kovu hudumu wiki kadhaa, mpaka majani yachipue.

Kaskazi inapoingia

Kuanzia Desemba hesabu yote inageuka. Mioto mikubwa imehamia kaskazini ya ikweta, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na moshi wake unakwenda magharibi. Hewa yetu sasa inatoka Somalia na Bahari ya Arabuni, na utusi unaouona Januari unaweza kuwa vumbi la Arabuni au hewa chafu ya Bara Hindi. Kampeni ya utafiti ya INDOEX ya mwaka 1999 ilipima hewa hiyo ikivuka Bahari ya Hindi hadi kusini kuelekea ikweta. Rudisha nyuma HYSPLIT kwa saa 120 badala ya 72, panua ramani hadi Mumbai, na weka rangi bandia: ukibaki ni vumbi. Ukitoweka na kaboni monoksaidi ikawa juu, ni moshi, lakini setilaiti haitakwambia kama ni wa kuni, wa magari au wa viwanda, kwa hiyo usiuite moto wa nyika.

Januari na Februari pia ndiyo miezi ya kusafisha mashamba kusubiri masika, Unguja, Pemba na pwani ya Tanga. Kaskazi ikilegea usiku, anza na Sentinel-2 ya kisiwa chako mwenyewe, kisha Tanga, ndipo ufungue ramani ya Bahari ya Hindi. Na unapopeleka matokeo kwa wengine, wapelekee kiungo cha Worldview chenyewe badala ya picha ya skrini: kiungo kinahifadhi tarehe, matabaka na eneo, na anayekipokea anaweza kuzima nukta na kujionea bahari.